Likizo ya Uzazi ya Meneja Mkuu

Mkaguzi wa ndani wa benki ile alikuwa mama mfupi, mpole, ambaye wenzake walimbatiza Bibi Kalamu. Kwa miaka miwili aliandika ripoti tatu, zote zikisema jambo moja: benki haina mwongozo wa kusimamia mitambo yake ya kompyuta. Haijulikani nani anaruhusiwa kugusa nini, nani anaidhinisha, na mambo yakiharibika nani anaulizwa. Meneja mkuu alizipokea zote kwa tabasamu.

"Dada yangu, hayo ni makaratasi tu," alisema. "Mitambo ina fundi wake. Mimi na wewe tunaijulia wapi?"

Ripoti ya nne hakuiandika. Alikwenda kwa mwenyekiti wa bodi, mzee asiyecheka ovyo, akaomba ruhusa ya kufanya jaribio moja dogo. Mzee akaisoma barua, akakohoa kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, akatia saini.

Ijumaa mchana Bibi Kalamu aliingia idara ya utumishi, akageuza kibodi kwenye meza ya karani aliyeacha kazi mwaka uliopita. Chini palibandikwa kikaratasi chenye nywila. Ilikubali mara ya kwanza.

Jumatatu asubuhi meneja mkuu aligusisha kadi yake mlangoni, mlango ukagoma. Mlinzi akatazama skrini, akajikaza asicheke.

"Bosi, inasema uko likizo ya uzazi."

"Ya nini?"

"Ya uzazi. Siku tisini. Hongera, bosi."

Aliandikishwa kitabuni kama mgeni, akapanda moja kwa moja kwa fundi wa mitambo.

"Mimi nahudumia mashine," fundi akasema. "Majina ni ya utumishi."

Mkuu wa utumishi akashangaa. "Sisi tunajaza tu. Ruhusa zinatoka kwa fundi."

Msaidizi wa meneja mwenyewe akafikiri sana, kisha akasema kwa heshima zote, "Jambo kama hili ungeidhinisha wewe mwenyewe, bosi. Ila ndiyo hivyo, uko likizo."

Kufika saa sita, kompyuta ya meneja ilikuwa bado imemfungia, na wadada wa kaunta walikuwa wameshamchangia pakiti ya nepi. Alikaa ofisini akiitazama ile pakiti, shati limemlowa jasho. Hapo Bibi Kalamu akaingia na barua ya mwenyekiti.

Meneja aliisoma mara mbili. Hasira ilipanda, ikashuka, pakabaki woga.

"Na kama aliyeingia angekuwa mwizi?" akauliza polepole.

"Mwizi asingekupa likizo, kaka. Angegusa kitu usichokiona, halafu tungezungushana hivi hivi kumtafuta wa kuulizwa."

Mwongozo ulikuwa tayari kwenye mkoba wake. Meneja mkuu akausoma wote, ukurasa kwa ukurasa, akatia saini, na mwenyekiti akauidhinisha jioni ile ile.

"Sasa nirudishe kazini," meneja akasema.

"Kubadilisha kumbukumbu za mfanyakazi ni fomu moja, saini mbili, siku tatu. Kifungu cha saba."

Meneja akachukua koti lake na nepi zake, akaenda nyumbani.

Siku ya pili simu ya Bibi Kalamu ikaita. Alikuwa mke wa meneja.

"Dada, samahani kwa usumbufu. Bomba la jikoni limepona, na sasa hivi yuko juu ya ngazi anapaka rangi dari. Hizo siku tisini mlizifuta zote?"