Mashine ya Nne

Mwanga unaingia wodini bila kuulizwa kitambulisho. Unapita dirishani, unalala juu ya mashine za kusafisha damu, juu ya matope yaliyoachwa na mafuriko, juu ya mikono ya mwanamke anayepiga deki. Kwao alikuwa nesi, miaka kumi na mmoja. Hapa ni mkimbizi, na amepewa ndoo na tambara.

Umeme umekatika wiki nzima. Jenereta inamudu mashine nne tu, na mlangoni imebandikwa orodha ya dharura: wenyeji kwanza. Tatu zinanguruma. Mashine ya nne iko tupu.

Aliyeandikiwa mashine hiyo ni mwalimu mstaafu, yuko ng'ambo ya mto, na daraja limekwenda na maji. Kila mtu anajua hatafika.

Nje, kwenye benchi la korido, ameketi mdogo wa mwanamke huyu, wa tumbo moja. Leo siku ya tisa hajasafishwa damu. Alfajiri dada mtu alimbonyeza mguu kwa kidole, shimo likabaki palepale kama kwenye unga uliokandwa. Hakuhitaji daktari wa kumweleza kwamba mwili umejaa maji.

Mashine ya nne iko tupu.

"Mwanangu," anamwambia nesi wa zamu, "mwalimu haji. Niwekee mdogo wangu, hata kwa saa mbili tu."

Nesi anatazama chini. "Mama, mimi sikatai. Orodha ndiyo imekataa. Nikimweka asiyeandikwa, kesho na mimi sina kazi."

Mwanamke anakamua tambara ndooni. Mirija ile angeifunga amefumba macho. Mikono inajua, mikono imekatazwa. Laiti kiti kile kingekuwa na mtu, mtu yeyote, uchungu wake ungepata pa kuegemea.

Saa sita karani anaandika: mgonjwa hakufika. Kisha, kwa kuwa utaratibu ni utaratibu, anamwagiza mpiga deki aipanguse mashine kwa ajili ya zamu ya mchana, ambayo nayo ina orodha yake. Anapangusa kiti ambacho hakuna aliyekikalia. Anapangusa mirija ambayo hakuna aliyeigusa. Kitambaa kinatoka cheupe kama kilivyoingia.

Anakwenda koridoni.

"Wamesemaje, dada?"

"Kesho."

Mdogo wake amekua akimsikia akiwaambia ndugu za wagonjwa wasio na tumaini neno hilohilo, kwa sauti hiyohiyo ya upole. Haulizi tena. Anasogea kidogo kwenye benchi, anampisha akae.