Ukurasa Uliofichwa Chini ya Jogoo

Huu ni mwaka wa nne dada yangu Sabiha anafanya kazi Maskati. Tangu Mama afariki, nyumba yetu ya Kigombe nakaa mimi na jogoo, na msemaji mkuu ni jogoo. Nikamwandikia Sabiha hadithi za mtaa kwenye tovuti ya bure. Ukibonyeza neno la bluu, unaingia ukurasa mwingine. Bonyeza "posa", unamkuta Kombo anakataliwa mara ya tatu. Bonyeza "harusi", hatimaye kakubaliwa, ila wali umeungua.

Chini ya neno "jogoo" sikuweka kichekesho. Niliandika: "Dada, napika chakula cha watu wawili, kisha namwaga. Njoo Idi hii, hata siku tatu."

Tovuti huhesabu wanaofungua. Harusi: mara thelathini na moja. Jogoo: mara moja, na huyo ni mimi.

Nikampigia.

"Weye mwehu, Luqmani! Kombo kanivunja mbavu!"

"Na jogoo je?"

"Jogoo si jogoo tu? Nikamsome wa nini?"

Ningemwambia palepale. Lakini mdomo wangu ukifunguka hutoka mzaha, hata mazikoni.

Nikaenda Usagara, steshenari ya Kristina, anichapie kitabu.

"Zinaanzia wapi hizi?" akauliza.

Kwenye simu hazikuwa na mwanzo. Sabiha aliingia alikotaka na kunipita. Karatasi zilitaka zipangwe, moja nyuma ya nyingine.

"Jogoo nimweke wapi?" Kristina akauliza tena.

"Kati ya posa na harusi. Dada asifike kwenye wali bila kumfunua."

Kristina akaisoma karatasi ya jogoo. Akaacha kutafuna bigijii.

"Kaka, kwenu upo peke yako?"

"Tupo wawili. Mmoja ana manyoya."

Hakucheka. Akakipiga pini nne, palipotosha mbili.

Jirani yetu Hafsa akasafiri nacho kwenda Maskati. Baada ya siku tisa ukaja ujumbe wa sauti, Sabiha kajirekodi akisoma. Anamcheka Kombo mpaka anakohoa. Karatasi inafunuliwa. Anasoma, "Dada, napika chakula cha watu wawili, kisha namwaga," anaishia hapo.

"Mdogo wangu, hii karatasi ya saba ni utani wako?"

Nilishaandika, "Ehee, nimekupata!" Kidole kilikuwa juu ya kitufe cha kutuma.

Nikafuta. Nikaandika, "Hapana, dada."