Jani la Isale

Binti yangu Violet alishaanguka mtihani wa leseni ya uuguzi mara moja, na waliomtahini walisema hakuna mara ya tatu. Nilimwambia waziwazi: ukianguka tena, unarudi hapa Kirua kukata majani ya ng'ombe. Mimi si muuguzi, nilisomea kilimo, lakini kusoma swali kitabuni najua.

Kwa wiki nzima, kila alasiri ukungu ukishuka migombani, nilimuuliza lile lililomwangusha.

"Mama amejifungua, damu haikomi, tumbo ni laini. Unaanza na nini?"

"Sindano."

"Na ukienda kufuata sindano, mgonjwa umemwachia nani?"

"Mama nawe!"

"Mama nawe ndiye damu inamtoka. Sema tena."

Jibu ni kuita msaada, na papo hapo kuuchua mfuko wa uzazi kwa mkono mpaka uwe mgumu. Sindano, kibofu na kondo la nyuma vinafuata. Wiki ikiisha, mdomoni alishalijua. Mikono ndiyo iliyosahau.

Chumba tulichofanyia mazoezi nacho hakikusaidia. Ndimo wifi yangu Dominika alimojifungulia, akatokwa damu mpaka akaisha. Mama mkwe, aliyemzaa, hakuligusa lile tumbo. Alimnywesha mlaso, damu ya ng'ombe kwa maziwa, kikombe baada ya kikombe, ili kurudisha iliyopotea. Huku inaingia, huku inatoka. Sasa wote wawili wamelala migombani, nyuma ya ukuta wa chumba hichohicho. Dominika miaka mingi, mama mkwe tangu mwaka jana. Tangu siku ile mpaka anakufa, sikumsikia akilitaja jina la binti yake.

Siku ya mwisho nilijilaza kitandani nikafumba macho. "Haya, mgonjwa ni mimi. Usiniulize kitu, fanya!"

Mikono ikanishika chini ya kitovu. Ya baridi, yenye nguvu. Ikachua kwa kuzungusha, bila papara, vizuri kabisa. Kidole kimoja kilikuwa kimepinda.

"Hapo sawa," nikasema. "Mbona huiti msaada?"

"Mama, unaongea na nani?" Violet aliuliza kutoka jikoni. "Mimi bado nanawa!"

Nikafumbua macho. Hapakuwa na mtu. Tumboni pangu palikuwa na jani la isale, bichi, lina umande, limefungwa fundo.

Kidole kile nilikijua. Mama mkwe alivunjwa kidole na pembe ya ng'ombe, kikaunga vibaya.

Kwetu, mwenye kosa hulifunga fundo jani hilo akampelekea aliyemkosea kuomba msamaha, na aliyepelekewa hawezi kulikataa. Lakini mimi hakunikosea.

"Lipeleke kwa shangazi yako," nikamwambia Violet.

"Kwa nini mimi?"

"Kwa sababu miguu yangu imegoma."

Alikwenda. Nilimtazama dirishani, ukungu umemfika kiunoni, akiinama kwenye kaburi la Dominika. Akarudi mbio.

Kesho yake akashuka Moshi mjini, kwenye mtihani. Jioni nilimsubiri getini.

"Wamekupa swali gani?"

"Lilelile."

"Ukakimbilia sindano?"

"Mikono ilitangulia, mama. Nimepita." Akakaa kwenye ngazi, akavua viatu taratibu. "Ila mtahini alinigombeza nilipoingia. Alisema nimwambie yule bibi, na huyo dada aliyemshika mkono, wasubiri nje."