Ng'ombe Mia na Ishirini Mdomoni mwa Duara

Mzee Ngassa aliapa kwa radi za masika na kwa kaburi la baba yake kwamba haya yote ni kweli tupu, ingawa baba yake alikuwa hai bado na anachapa watu fimbo.

Duara la kikundi chao, yaani shimo lao la dhahabu, nje kidogo ya Kahama, lilikuwa limefungwa tangu mvua za mwaka jana zilipolibomoa la jirani. Afisa wa usalama migodini alisema halifunguliwi mpaka waonyeshe kwenye kompyuta kwamba litahimili masika mazima. Kaya thelathini na mbili zilikuwa zinasubiri kula, na aliyetoka jasho kuliko wote ni Ngassa, maana matimba yote, yale magogo ya kuzuia kuta, aliyapanga yeye kabla ya kustaafu. Kazi hiyo hakufundishwa na mtu. Alijifunza kwa kuangukiwa.

Akaja injinia Shamimu, binti wa mfanyabiashara wa mchele pale mjini, na kompyuta yake na miwani mikubwa myeusi kama ya mchomelea vyuma.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, ng'wanawane, mwanangu. Kipofu ni nani hapa?"

"Ukiivaa utaona uwanja mtupu, babu. Humo unajenga duara kwa mikono yako, kila kitu kama kilivyo kweli. Ukimaliza, kompyuta inanyesha mvua, tunaona litasimama au litaanguka."

"Inanyesha mvua!" akadakia Sufiani, Mzaramo mwenye karasha la kusagia mawe, mtani asiyejua likizo. "Sasa Wasukuma mnahangaikia nini mpunga kukauka? Uvisheni miwani!"

Ngassa akaivaa. Jambo la kwanza alilofanya ni kuinama asigonge paa lisilokuwepo, akapiga teke chupa ya chai ya Mama Mihayo, mwenyekiti wa kikundi.

"Baba Mbuke!" akamfokea Ngassa. "Duara limo ndani ya miwani, chai yangu imo ndani ya chupa!"

Lakini alipokwisha kuzoea, mikono ikakumbuka. Alichukua magogo hewani, akayabana, akayagonga kwa nyundo ambayo hakuna mwingine aliyeiona, akitukana mwamba kwa jina. Futi themanini alizishuka kwa saa moja.

"Safi sana, babu. Sasa weka vya juu: winchi, pampu, kibanda," Shamimu akasema. Hapohapo jenereta likakohoa huko nje, akatoka kulitazama, skrini ameifunika.

Kwenye sanduku la vitu ndani ya miwani, kati ya pampu na kibanda, Ngassa akamwona ng'ombe. Akamweka. Akabonyeza tena, wakawa wawili. Akabonyeza wawili, wakawa wanne.

Hebu muelewe. Mtu huyu maisha yake yote hajawahi kuwa na ng'ombe zaidi ya wanne, na mmoja wao alikuwa wa kuazima.

"Mbona unanong'ona?" akauliza Mama Mihayo. "Unafanya nini humo?"

"Nafunga pampu. Ina nati nyingi."

Alipoivua miwani alikuwa anatabasamu kama bwana harusi.

Shamimu akarudi, akaanzisha masika. Siku sitini zilipita kwa dakika mbili, na wote wakakodoa macho kwenye sehemu ya skrini iliyoonyesha duara kwa ndani. Siku ya kumi na moja matimba ya juu yakapasuka, ukuta wa mashariki ukashuka wote, duara likajaa tope.

Mama Mihayo akakaa chini. Miaka thelathini ya jina la Ngassa ilikuwa imezikwa kwenye tope la kompyuta.

"Mashine ina uchawi," Ngassa akanong'ona.

"Subirini," Shamimu akasema. "Kuna mzigo wa tani thelathini mdomoni mwa duara." Akaisogeza picha juu. Ng'ombe mia na ishirini walikuwa wamebanana pale, pembe kwa pembe, wamenyeshewa.

Sufiani alianguka chini kabla ya mtu yeyote kucheka. "Duara limeuawa na mahari!"

"Cheka," akasema Mama Mihayo taratibu, "lakini kiangazi, pampu inapomwaga maji, mifugo inakunywea wapi? Si pale pale mdomoni? Na masika wanapitia hapo hapo. Sisi hatukuwahesabu hata siku moja."

Wakatazamana. Ilikuwa kweli. Shamimu akawahamisha ng'ombe wote, njia yao na birika lao la kunywea, hatua themanini kuelekea magharibi, akaweka uzio, akanyesha tena. Siku sitini, na duara likasimama kavu. Wiki hiyohiyo uzio ukajengwa kweli, afisa akauona pamoja na ile picha, akatia sahihi duara lifunguliwe.

Kwenye mkutano wa kufungua, Ngassa alisimama bila kuitwa. "Ndugu zangu, wale ng'ombe niliwaweka makusudi. Niliiona hatari zamani, nikasema niwapime akili."

Watu wakaanza kupiga makofi.

"Samahani, babu," Shamimu akasema, "ile miwani huwa inahifadhi na sauti." Akabonyeza.

Ikatoka sauti ya Ngassa, laini kama siagi: "Sogea, Dume. Sogeeni wote, leo mimi ni ntemi, chifu mzima. Nyinyi ishirini simameni huku, nyinyi ni wa Mama Mihayo, aone kama mgane naye ni mwanamume."

Sufiani alilazimika kupepewa.

Mama Mihayo hakucheka. Alisimama, akajifunga khanga vizuri. "Kudanganya mkutano, mchenya wake, faini yetu, ni mbuzi. Wa miguu minne, Baba Mbuke, sio wa kubonyeza."

"Na wale ishirini?" Ngassa akauliza kwa sauti ndogo.

"Nikiwaona wananya, tutazungumza."

Basi akaenda nyumbani kumfungua mbuzi wake wa pekee. Akarudi anamvuta kwa kamba, mbuzi anapiga kelele njia nzima, na kila aliyemuuliza alimjibu kwamba anampeleka kutembea.