Nguo Inanigusa

Mtaa mzima ulivaa kazi ya mikono yake, isipokuwa mtu mmoja, na mtu huyo alimzaa mwenyewe.

Watu walimwita Fundi, hata mumewe. Alikaa na cherehani yake kwenye baraza la duka la vyombo, na sifa yake kubwa ilikuwa mishono. Mteja akija kuchukua nguo, Fundi hakumpa hivihivi. Kwanza aliigeuza ndani nje. "Kagua," alisema, na mteja alikagua akakosa la kusema. Ndiyo maana shule ya jirani ilimpa yeye kazi ya sare zote, mwaka wa sita sasa.

Bintiye wa miaka saba alivaa fulana ya baba yake. Kila siku, ileile, kuukuu, imefuliwa hadi imekata tamaa. Akivikwa kingine chochote alijikunja, akajikuna, akalia mpaka majirani wakachungulia.

"Inanigusa!"

"Nguo lazima ikuguse, mwanangu," Fundi alisema kwa mara ya mia.

Wifi yake, shangazi wa mtoto, alikuwa na majibu ya kila kitu duniani, na hili lilikuwa jepesi. "Anadeka tu, wifi. Umemlea kama yai. Sasa anataka nguo ibaki kabatini, yeye aende shule?"

Majirani wakacheka. Fundi naye akacheka, ingawa aliona aibu, na ndani ya aibu kulikuwa na hasira. Watoto mia tatu walivaa kazi yake bila neno. Wa kwake ndiye aliyeikataa, tena kwa mayowe.

Muhula wa kwanza mwalimu mkuu alijifanya haoni fulana. Wa pili alimwita Fundi ofisini. Alikuwa mama mpole, mwenye sauti ya kumbembeleza mgonjwa.

"Jumatatu aje na sare, Fundi. Asipokuwa nayo, abaki nyumbani. Nitawaambia nini wazazi wengine? Sheria ni sheria, na sare zenyewe unazishona wewe."

Fundi akarudi nyumbani na kuanza kuilainisha sare ya mtoto.

Alikata lebo ya shingoni. Aliloweka sare siku mbili. Aliifua mara saba, akaipiga pasi, akaifikicha kwa viganja mpaka vikawaka moto. Jumamosi mchana akamvika tena, na mtoto akaivua kabla kifungo cha pili hakijafungwa.

"Sasa nieleze!" Fundi alifoka. "Inakugusa wapi? Vipi?"

Mtoto hakulia. Alimshika mama mkono, jambo ambalo hakulifanya ovyo, akaweka ukucha juu ya ngozi na kuanza kuuburuta taratibu, kwenda na kurudi, mahali palepale. Fundi akasubiri aache. Hakuacha. Baada ya dakika moja Fundi alitaka kuuvuta mkono. Baada ya mbili alitaka kupiga mtu.

"Hivi," mtoto alisema. "Mpaka kengele ya kwenda nyumbani."

Fundi alikaa chini. Miaka yote hiyo alikuwa akisikia neno lile na kulicheka. Moyo ulimuuma kweli, akamwomba mtoto msamaha, kitu ambacho hakuwahi kukifanya kwa mteja yeyote.

Kisha akaichukua sare ileile na kuifumua. Aliishona upya, mishono yote nje: ya mabega, ya ubavuni, ya mikono, kingo zikining'inia mbele za watu. Ndani hakukuwa na kitu ila kitambaa. Ukiitazama kwa nje, ilikuwa kazi ya mwanagenzi wa juzi, tena mlevi. Mtoto akaivaa, akainua mikono, akaishusha, akaenda kucheza.

Jumatatu asubuhi, mstarini, mwalimu mkuu alisimama mbele ya mtoto. Wazazi walikuwa bado langoni, Fundi kati yao, nusu yao wateja wake.

"Umevaa ndani nje, mama. Nenda chooni ukaigeuze."

Mtoto mtiifu akaenda, akaigeuza, akarudi amekunja uso. Sasa mishono ilikuwa ndani, na vifungo navyo vilikuwa ndani, mfuko pia, na sare ameishikilia kifuani kwa mkono mmoja isifunguke.

"Bado umeigeuza!" mwalimu mkuu alishangaa. "Jamani, upande wa sawa uko wapi? Nani amekushonea kitu hiki?"

Langoni watu walianza kucheka. Mwanamke mmoja alimgusa Fundi begani: "Umeona? Watu wengine wanajiita mafundi!"

Fundi angeweza kunyamaza. Mtoto alikuwa anatazama viatu vyake, tayari ameanza kujikuna. Fundi akapita katikati ya watu hadi mstarini.

"Mimi," alisema, na sauti ikafika langoni. "Nimeishona mimi, hivyohivyo, kwa makusudi. Rangi ndiyo, kola ndiyo, mfuko ndiyo. Ni sare."

Kicheko kilikatika. Mwalimu mkuu alimtazama, akaitazama ile sare, akashusha pumzi.

"Fundi, mwakani siwezi kukupa tena kazi ya shule. Wazazi wameona."

"Sawa. Leo anaingia darasani?"

"...Anaingia."

"Basi nenda kaigeuze, mwanangu," Fundi alisema. "Mwalimu anakungoja."

Mtoto akatoka chooni mishono ikiwa nje, akaingia darasani, mikono yote miwili imetulia ubavuni.