Samli kwenye Laptop

Mume wangu Mtoro aliuza cherehani yangu nikiwa Tabora msibani. Hakuiweka rehani wala hakumwazima mtu. Aliiuza, pamoja na pedali yake, kiti chake, na kopo langu la vifungo. Niliporudi baada ya arobaini ya shangazi, nikakuta pale ilipokuwa cherehani pana meza, juu ya meza pana begi jeusi, na nyuma ya begi amesimama Mtoro anatabasamu kama bwana harusi.

"Mama Rahma," akasema, "tumeingia kwenye teknolojia."

Nikamwuliza nani hao walioingia, maana mimi nilikuwa msibani.

Ilikuwa miaka ile soko huria limetukolea. Bariadi yetu ilikuwa bado Mkoa wa Shinyanga, wanunuzi binafsi wa pamba wamekuwa wengi kama wakulima wenyewe, na kila mwanamume mwenye kibanda anajiita mfanyabiashara wa kimataifa. Kibanda cha Mtoro kilikuwa cha redio na betri za tochi. Kilitulisha. Lakini akasikia kwamba chama kimoja cha wakulima wa pamba, chenye ofisi njia ya Mwamapalala, kinataka laptop ya kitaalamu, ya bei mbaya, kwa ajili ya hesabu za msimu. Basi akakamua mtaji wa kibanda, akaongeza cherehani yangu, akapanda basi mpaka Kariakoo, akarudi na laptop moja. Moja tu! Chama kisipoinunua, hatuwezi kuila wala kuivaa.

"Na hapa pembeni pamezibwa nini?" nikamwuliza siku ile ile, nikiigeuza. Palikuwa na kipande cheusi kimeshindiliwa ubavuni.

Uso ukamshuka. "Hapo ndipo pa kuwekea CD. Naona walinipiga. Wameziba na plastiki. Usimwambie mtu."

Cherehani yangu ilikuwa kwa Nyanjige, fundi wa ng'ambo ya barabara. Kila asubuhi niliisikia ikiimba mikononi mwake, na sauti yake naijua, ina kikohozi kidogo kila gurudumu likizunguka. Ile cherehani niliinunua kwa jasho langu kabla Mtoro hajajua hata nyumba yetu iko wapi. Nikamfuata Nyanjige, nimeshapanga maneno ya kumwambia.

"Mayu, usinikasirikie mimi," akaniwahi, akiniita mama kwa Kisukuma. "Nilinunua mchana kweupe. Mimi ninayo yangu, hii ni ya kuuza. Siku ya mnada anakuja mtu wa Nyalikungu na gari lake kuichukua. Ukinirudishia hela yangu kabla hajaondoka, ni yako, siongezi hata senti."

 Sasa ikawa ni mbio: laptop inunuliwe kabla cherehani haijapanda gari.

Kikao cha kwanza chamani nilikwenda mwenyewe, maana Mtoro nilikuwa simwamini hata kwa kununua chumvi. Tukamkuta mshindani, kijana anaitwa Marcelo, ametoka Mwanza, ana tai shingoni katika joto lile, na laptop yake imekaa kwenye begi la ngozi. Wajumbe wamejipanga kwenye mabenchi. Mwenyekiti, Mzee Mashimba, akatupokea kwa salamu ya "mwangaluka", akasema kila mmoja aseme bei na sifa za mali yake.

Marcelo akaanza. Prosesa ya kasi, hadidiski giga ishirini, RAM hivi, skrini inchi hivi, ina CD, inapiga muziki, inaonyesha picha zinazotembea. Bei, milioni mbili. Mzee Salu, mjumbe, akapiga hesabu kimoyomoyo, akaguna, "Zizi zima hilo." Mtoro naye akasimama. Prosesa ya kasi, hadidiski giga ishirini, chuma chake kigumu, ukiidondosha haivunjiki. Bei, milioni moja na laki sita.

"Ina CD?" akauliza Salu.

"CD," akasema Mtoro, "inakuja."

"Inakuja na basi gani?"

Wajumbe wakacheka. Nilitamani ardhi inimeze, lakini kwanza immeze Mtoro.

Ndipo akaongea mhasibu, Benedikta, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Ndiye ambaye angekaa na hiyo laptop msimu mzima. Akauliza swali moja tu: "Ofisini kwetu hakuna umeme. Betri inakaa muda gani?"

"Saa tatu, mama, na zaidi," akasema Marcelo.

"Inakaa sana," akasema Mtoro, ambaye hakuwahi kuiwasha kwa zaidi ya dakika chache, akiogopa isichakae.

Benedikta akawatazama wote wawili kama anavyotazama risiti za kughushi. Wajumbe wakaanza kubishana. Mmoja anataka nyepesi, mwingine anasema ng'ombe mwepesi hafiki mnadani, wa tatu anauliza giga ni nini na kama zinaongezeka zikitunzwa. Mzee Mashimba akainua mkono.

"Tusidanganyane," akasema. "Giga hatuzijui. Tunachokijua ni ngoma. Pamba ikishavunwa, makundi yetu mawili ya ngoma, Wagika na Wagalu, wanacheza wapi? Uwanja mmoja, wakati mmoja. Nani anashinda? Anayeondoka na watu. Siku ya mnada waje uwanjani, huyu huku, huyu kule. Laptop itakayovuta watu tunainunua palepale."

"Mwenyekiti," akasema Benedikta, "laptop haichezi ngoma."

"Kila kitu kinacheza, Benedikta. Ni kukipata mpigaji."

Siku ya mnada niliamka kuswali alfajiri nikasikia harufu ya pilau. Hatukuwa na pilau. Nikaenda sebuleni nikamkuta Mtoro ameinamia laptop, kopo langu la samli liko wazi, na vidole vyake vinang'aa. Kando yake pana kifurushi cha unga wa kijivu.

"Unafanya nini?"

"Samba," akanong'ona.

Samba ni dawa ya mvuto, ile wanayoitumia watemi wa ngoma kuwanyang'anya wenzao watu uwanjani. Kumbe alikwenda Mwamapalala kwa mzee mmoja, akapewa unga, akaambiwa achanganye na samli, kisha apake mahali mkono unapopiga. Kwenye ngoma, mkono unapiga ngozi. Mtoro akafikiri sana, mume wangu, akaona kwamba kwenye laptop mkono unapiga vitufe. Akavipaka vyote, kimoja kimoja, hata vile asivyojua kazi yake.

Mimi ni Mwislamu niliyesoma madrasa, dawa za uwanjani siziamini. Lakini samli naiamini sana, na ile ilikuwa ya sikukuu. Nikachukua kanga yangu nikafuta nilichoweza. Kilichobaki kilikuwa kimeshazama katikati ya vitufe, hakifikiki. Nilimsema Mtoro kuanzia mlangoni mpaka uwanjani, naye anatembea tu na begi lake kifuani.

Marcelo alikuwa amefika mapema. Ameweka meza, kitambaa cheupe, na spika mbili. Alipobonyeza tu, muziki ukalia na kwenye skrini watu wadogo wakaanza kucheza. Mnada mzima ukamhamia. Waliokuja kuuza mbuzi walikuja na mbuzi wao.

Sisi tulikuwa na msikilizaji mmoja, Mzee Salu, na yeye alikuja kwa sababu upande wetu kulikuwa na kivuli. Mtoro akamsomea sifa. "Giga ishirini, mzee." Salu akaitikia, "Ehe." "Chuma kigumu." "Ehe." Kisha Salu akalala.

Jua likapanda. Ng'ambo ya uwanja, mbali kidogo, niliona paa la Nyanjige, na mbele yake gari dogo la mizigo likaegeshwa. Mtu wa Nyalikungu ameshafika.  Nikaanza kuhesabu nguo nilizoshona kwa ile mashine, za harusi, za shule, kanzu za Idi, nikaona maisha yangu yanapakiwa nyuma ya gari na mimi nimesimama kulinda usingizi wa Salu.

Basi samli ikayeyuka. Joto na vumbi la mnada vikafanya kazi yao, kitufe kimoja kikashuka kisiinuke, na laptop ikapiga ukelele. Tiii! Tiii! Tiii! Salu akaruka kutoka usingizini.

"Izime!" nikasema.

"Nikizima, nani anajua kama itawaka tena?" Mtoro akaikumbatia. "Haizimwi!"

Tiii! Tiii! Watu wa nyuma kabisa kwenye kundi la Marcelo wakageuka. Uvumilivu wangu ukakatika hapo. Nikasahau biashara, nikasahau uwanja, nikapaza sauti ambayo majirani zangu wanaijua: "Itaachaje kulia! Si wewe uliyeipaka dawa! Samli yangu yote umeisugua kwenye vitufe na samba yako ya Mwamapalala!"

 Nikajua nimetumaliza.

"Ina samba?" mtu mmoja akauliza.

"Ina samba!" mwingine akajibu. "Sikia inavyoita watu!"

Walikuja mbio. Walikuja na mbuzi wao, na matenga, na akina mama wa uji waliacha masufuria motoni. Kila mtu anataka kuiona mashine iliyopakwa samba ikawaita watu yenyewe. Muziki wa Marcelo ukabaki unaimbia viti.

Marcelo akaja anatokwa jasho mpaka kwenye tai. "Mwenyekiti, hii ni hila! Ametumia dawa!"

Mzee Mashimba akamtazama kwa huruma. "Kijana, tangu lini ngoma ikakataa dawa? Kwani wewe ulikuja mikono mitupu?"

Marcelo akarudi kwenye meza yake akaongeza sauti. Haikuchukua muda sauti ikakatika. Watu wadogo wakapotea, skrini ikawa nyeusi. Betri imekwisha. Yetu bado inalia. Adhuhuri ikapita, inalia. Waliokwenda kula wakarudi, inalia. Benedikta, ambaye tangu asubuhi alikaa kando amenuna, akasimama, akasogea, akatega sikio.

Marcelo hakuamini. Aliigeuza laptop yetu juu chini, akakiona kile kipande cheusi cha ubavuni, akakichomoa na kukiinua juu ili watu wote waone. "Tazameni udanganyifu! Pa kuwekea CD ameweka betri ya pili! Mtu huyu ana betri mbili!"

Mtoro akafungua mdomo. Nikamkanyaga mguu, akaufunga.

"Betri mbili?" akauliza Benedikta.

"Mbili, mama! Si haki!"

"Mwenyekiti," akasema Benedikta, "nunua hii."

Kisha akaingiza ukucha, akakichomoa kile kitufe kilichokwama, na ule ukelele ukakoma. Akasema vitufe vyote vibadilishwe kwa gharama ya muuzaji, hesabu zake hazitanuka pilau. Marcelo, mfanyabiashara wa kweli yule, akasema kibao kipya cha vitufe anacho Mwanza na akataja bei hapohapo, palepale penye msiba wake. Faida yote ya Mtoro ikaondoka na tai.

Mzee Mashimba akatoa bahasha ya chama. Mtoro akanyoosha mkono. Mimi nikanyoosha wangu, na wangu ulikuwa na hasira kuliko wake.

"Mpe mayu," akasema Mzee Mashimba. "Ndiye aliyepiga ngoma."

Nilikimbia. Sijakimbia hivyo tangu nikiwa msichana. Na kwa kuwa siku ile watu walikuwa na desturi ya kuhama, wakahama na mimi. Nilifika kwa Nyanjige na mnada mzima nyuma yangu. Cherehani imeshainuliwa, mtu wa Nyalikungu ameshika upande mmoja na dereva wake upande wa pili.

"Hela yako hii hapa!" nikamwambia Nyanjige.

"Mama Rahma, nimeshapokea yake," akasema, na kweli alikuwa na masikitiko. "Nilidhani huji. Nimrudishie, akikubali."

"Sikubali," akasema yule mtu. "Nimenunua."

Nikaidaka cherehani kwa mikono miwili. Yeye anavuta kwake, mimi kwangu. Mikono yangu, niliyokuwa nimeifutia jasho kwenye ile kanga ya asubuhi, ilikuwa imejaa samli ya vitufe, ikaacha alama za vidole kwenye chuma cheusi, zinang'aa juani. Nyuma yangu mtu akasema, kwa sauti ya kutosha, "Mwache mama huyo. Ana samba mikononi. Ameuhamisha mnada."

Mtu wa Nyalikungu akazitazama alama. Akautazama umati. Akaiweka cherehani chini polepole, kama mtu anayetua mtungi uliojaa, akapangusa mikono yake kwenye suruali.

"Chukua, mama," akasema. "Mimi nilitaka ya kushonea tu."

Hela ya laptop iliyobaki nilimrudishia Mtoro baada ya kumlipa Nyanjige, na kibanda kikarudi kwenye betri za tochi. Benedikta alitumia laptop yake misimu mingi, sikuwahi kusikia akilalamika. Mtoro hajaacha ndoto. Mara ni simu za mkononi, mara ni mashine ya kukamua alizeti, na kila ndoto ikija macho yake huanza kuzunguka nyumbani kutafuta cha kuuza. Yanapita kwenye kitanda, yanapita kwenye kabati, yakifika kwenye cherehani yanaona zile alama za vidole, yanaruka.

Hajaigusa mpaka leo. Hata kufagia, hufagia kando yake. Mimi samba siiamini, nimeshasema. Lakini kila mwaka pamba ikivunwa, Mtoro akiwa kibandani, nachota samli kidogo kwa kidole na kuzipaka upya zile alama.