Msiba wa Boga la Semeni

Ijulikane kwa wote kwamba boga la Semeni binti Lugembe, wa mtaa wa Isevya, Tabora, halikufa kwa maradhi wala kwa uzee. Lilikatwa kikonyo siku ya Alhamisi, saa nne asubuhi, likiwa na afya njema na rangi ya kupendeza. Likabebwa na Mabruki, karani wa mizigo pale stesheni, mbele ya mashahidi, na kufikia adhuhuri lilikuwa limekwisha kupikwa kwa nazi.

Semeni mwenyewe hakuwapo. Alikwenda kupalilia shamba la nyumba kumi, maana huo ulikuwa mwaka wa Kilimo cha Kufa na Kupona na kila raia alitakiwa alime mpaka kando ya choo. Semeni alikwisha kulima kando ya choo siku nyingi kabla serikali haijafikiria jambo hilo. Uani kwake bamia zilisimama kama askari wa gwaride, mchicha ulijaa mpaka ukaziba njia ya kwenda bafuni, na asumini ilikwea ukuta wa jikoni, hata mtu aliyekuja kusonga ugali alijiona kama bibi harusi. Kila alfajiri, kabla ya chai, Semeni aliwatembelea wote mmoja mmoja. Aligeuza majani kutafuta viwavi, akawakaripia waliolegea, akawasifu waliotoa ua.

Lakini kipenzi chake kilikuwa lile boga. Alilitafutia baba yeye mwenyewe: alichuma ua dume la asubuhi, akalisugua kwa heshima ndani ya ua jike, kisha akageuza uso pembeni, maana mambo mengine si ya kutazamwa. Boga lilipofikia ukubwa wa ngumi alilitandikia majani makavu. Lilipofikia ukubwa wa kichwa cha mtoto alilivika kanga wakati wa jua kali. Lilipofikia ukubwa wa mtungi aliacha kulilinganisha na vitu.

Boga hilo lilikuwa na safari. Wifi yake, Kashindye wa Igalula, dada wa marehemu mumewe, alikuwa akiwaambia watu: "Bustani ya Semeni ni kama redio. Inasikika sana, ila hujapata kuila." Maneno hayo yalifika Tabora kwa treni, yakamkaa Semeni kooni kama mwiba wa samaki. Akaapa kwamba mwaka huo hautakwisha kabla hajashuka stesheni ya Igalula na boga la kuteremshwa na wanaume wawili, huku Kashindye akitazama.

Kizuizi kilikuwa Mabruki. Mabruki alikuwa Mzaramo na Semeni Mnyamwezi, na makabila hayo mawili ni watani tangu enzi za misafara, wakati babu zake Semeni walipotembea miezi mitatu na pembe za ndovu mabegani mpaka pwani, wakapokewa kwa matusi na babu zake Mabruki. Mtani huchukua cha mtani wake bila kuomba. Na mtani akikasirika, amekwisha. Watoto wa watoto wake watachekwa. Kwa sheria hiyo tukufu Mabruki alikuwa akivuna bustani ya Semeni kwa miaka minne. Nyanya zikiiva Jumanne, Semeni aliziona Jumatano, zikiwa mashavuni mwa Mabruki.

Basi Alhamisi hiyo Semeni alirudi na jembe begani, akakuta kikonyo cha boga kimefungwa uzi na kuning'inizwa mlangoni pake kama hirizi. Ng'ambo ya njia Mabruki alikuwa kakaa barazani, vifungo vitatu vya shati wazi, akilipapasa tumbo.

"Mtani!" akaita. "Nimekuondolea mzigo. Lilikuwa linakuzibia hewa."

"Mabruki, umelila lote?"

"Mzaramo hali nusunusu. Babu yako alipofika kwetu na njaa yake, si alikula samaki wa babu yangu pamoja na miiba? Leo nimemlipia kisasi yule samaki."

Semeni alitabasamu. Tabasamu hilo lilimgharimu nguvu nyingi kuliko kupalilia ekari nzima. Akaenda moja kwa moja kwa Kornel, balozi wa nyumba kumi, kijana mwenye daftari na kalamu mbili mfukoni.

"Shikamoo, Bi Semeni."

"Marahaba, ndugu balozi. Nimeibiwa."

Kornel akafungua daftari kwa furaha. "Na nani?"

"Mabruki."

Kornel akafunga daftari. "Mama yangu, wizi una utaratibu wake. Uzembe una utaratibu wake. Ulanguzi ndio usiseme. Lakini utani! Nikiandika hapa utani, hata mkoani watashindwa kuusoma."

Semeni akarudi uani, akakaa kwenye kinu kilichopinduliwa, akalitazama shina lililofiwa. Nyuma ya shina kulikuwa na ardhi ngumu, nyekundu, iliyokwisha kumvunjia majembe mawili. Miaka miwili alikuwa akitamani kuilima. Akaitazama ardhi. Akakitazama kikonyo. Akamwazia Mabruki, aliyekuwa akijisifu katika kila kilabu kwamba hapajapata kutokea msiba wa Mnyamwezi asiohudhuria yeye. Na kazi ya watani msibani ni nini? Ni kuchekesha wafiwa, naam. Lakini ni nani huchimba kaburi?

Semeni akajifunga kanga kiunoni, akapiga ukunga ulioamsha njiwa wa misikiti mitatu.

Majirani walikuja mbio, wakakuta jamvi limetandikwa na kikonyo kimelazwa kwenye sinia, kimefunikwa kitambaa cheupe.

"Nani kafa?" wakauliza.

"Boga," alisema Semeni, akafuta chozi.

Kisha bibi mmoja mwenye busara akavua viatu, akakaa jamvini, akasema, "Pole, mwanangu. Liliugua?" Na kwa kuwa mmoja alikaa, wote wakakaa.

Mabruki aliposikia alifurahi kama mtu aliyeitwa kupewa nishani. Alifika amefunga mto tumboni chini ya shati la kijani, akajibwaga chini na kujiviringisha uani kote akilia, "Mimi ndiye marehemu! Nipeni nazi! Mbona mmenisahaulia chumvi?" Wafiwa walicheka mpaka wakashika mbavu. Kornel naye alifika na kusema maneno machache ya rambirambi, kwamba marehemu aliitika wito wa kilimo, na katika kufa na kupona alichagua moja.

Kicheko kilipotua, Semeni akainuka na jembe, akalikabidhi kwa mikono miwili.

"Mtani, kaburi."

"Kaburi la kikonyo?" Mabruki akacheka. "Nitalichimba kwa kijiko."

"Marehemu hakuwa kikonyo. Alikuwa na mwili wake wote, na huo mmea wake unaotambaa hapo. Upime. Mtu hazikwi amekunjwa."

Mmea ulipimwa. Ulikuwa hatua kumi na mbili. Mabruki aliangalia huku na huku akitafuta mtu wa kumtetea, akakutana na nyuso arobaini za watu wanaomsubiri. Mtani anayekataa kuchimba kaburi ni nani tena? Akavua shati, akavua mto.

Alichimba mpaka alasiri. Ardhi ile ilimtoa jasho ambalo mizigo ya stesheni haijapata kumtoa. Kila alipopumzika, bibi mwenye busara alisema, "Fupi hilo. Miguu itabaki nje." Lilipokwisha, Semeni akauliza mwili uko wapi, ikabidi Mabruki amtume mkewe, Fakhria, akalete maganda na mbegu alizokuwa amezianika kwenye ungo. Mbegu zikapangwa mle kwa mstari, moja moja, kwa huzuni kubwa. Kisha ikatangazwa kwamba sanda ya boga ni samadi, na zizi la karibu liko mbali, kule mtoni. Mabruki alikwenda na kurudi mara kumi na nne, karai kichwani, na wafiwa waliziba pua kwa adabu.

"Na maji juu ya kaburi," alisema Semeni, "ni mkono wa mtani, asubuhi na jioni, mpaka arobaini."

"Mtani, unaniua."

"Nikuue? Umekasirika?"

"Mimi? Nikasirike!" akasema Mabruki, na meno yake yote yakaonekana.

Akamwagilia. Wiki ya kwanza alimwagilia huku akitukana. Wiki ya pili vichipukizi vilipasua udongo, kila kimoja kimevaa ganda la mbegu kichwani kama kofia, na Mabruki akachuchumaa kuvitazama mpaka akachelewa treni ya mizigo. Wiki ya nne alifika na miche ya maua ya zinia aliyopewa na mkuu wa stesheni ya Igalula, akaipanda pembeni mwa kaburi, "kwa heshima tu." Arobaini ilipotimia hakuna aliyemkumbusha, naye hakujikumbusha. Mvua zilipokoma alikuja na ndoo mbili badala ya moja. Asubuhi moja Semeni alimkuta na ua dume mkononi, amegeuza uso pembeni.

Kwa hiyo, Julai ilipofika na boga moja likalala katikati ya zinia, kubwa kuliko marehemu, Semeni alitoka na kisu chake akazuiwa na mtu mwenye ndoo.

"Unakwenda wapi?" akauliza Mabruki.

"Uani kwangu."

"Ua ni wako. Hilo boga nani kalinywesha? Halijakomaa bado. Liache wiki mbili."

"Mabruki!"

"Wiki tatu. Nyinyi Wanyamwezi hamna subira, ndiyo maana mlitembea mpaka pwani badala ya kungoja reli."

Semeni alienda ndani akanywa chai taratibu, vikombe viwili, mpaka Mabruki alipokwenda kazini. Halafu akakata kikonyo, mbele ya mashahidi, saa nne asubuhi.

Vijana wawili walilipeleka stesheni kwa toroli. Dirishani kwa mizigo Mabruki aliinua macho kutoka kwenye vitabu vyake, akaliona, akasimama.

"Igalula," alisema Semeni. "Pima."

"Mtani. Mtani, hilo ni... nilikuwa nataka lifike..."

"Nimekuondolea mzigo. Au umekasirika?"

Nyuma yake foleni ya abiria ilinyamaza ili isikie jibu. Mabruki akalikumbatia boga, akalipandisha mizanini polepole kama mtu anayemlaza mtoto, akasoma uzito mara mbili, kwa sauti, mara ya pili kwa fahari. Kisha akatafuta gunia jipya, akalifunga mwenyewe kwa kamba ya katani, akakataa kusaidiwa.

"Mwambie huyo wifi yako," alisema bila kumtazama, "asilikate kwa shoka. Atumie kisu. Na mbegu, Semeni, mbegu zote unirudishie. Atakula boga, lakini asithubutu kukaanga hata moja."